Kinanda hakikuua taarabu: somo nililopewa na jirani yangu wa Pioneer

Leo naomba ruhusa tuweke kando siasa za kaunti na bei ya unga, tuzungumze muziki. Wale wasemao muziki hauna nafasi katika dini, nawaheshimu, na suala lao nawaachia masheikh. Mimi nazungumza na wale ambao arusi ikikaribia huulizana swali moja: nani atatumbuiza?

Swali hilo limenikalia mimi mwenyewe shingoni. Wengi wenu mwajua kwamba kazi ilinihamisha Mombasa miaka minne iliyopita nikaja kukaa Pioneer, hapa Eldoret. Binti ya dada yangu alikuja huku kusoma, akapata kazi, akapata na mchumba. Ataolewa mwezi ujao, na arusi itafanywa hapa hapa. Mimi ndiye mjomba, na mjomba nimebebeshwa mzigo wa taarabu. Akina mama wameshasema: pilau ikiungua tutavumilia, taarabu ikikosekana hatuji.

Nilikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kuleta kundi zima kutoka Mombasa, watu kumi au zaidi pamoja na ala zao. Kutoka Mombasa hadi Eldoret ni takriban kilomita 800. Piga hesabu ya nauli, chakula na malazi, utaona kwamba njia hiyo ni ya watu wenye majumba. Ya pili ni kumkodi kijana mwenye spika kubwa na kompyuta, apige nyimbo zilizokwisha kurekodiwa. Ya tatu ni mwimbaji mmoja na mpiga kinanda cha umeme mmoja.

Hii ya tatu niliikataa papo hapo. Nilimwambia dada yangu, "Bora spika kuliko kinanda. Kinanda ndicho kilichoua taarabu." Nimeyasema maneno hayo kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimeyaandika hata katika safu hii. Leo nimekuja kuyafuta, na nataka nieleze kwa nini.

Jirani yangu ni mwalimu mstaafu, mtu wa magharibi, anayepiga kinanda kanisani kwao kila Jumapili. Mimi ni mtu wa msikitini, yeye wa kanisani, na jioni tunakutana kwenye kahawa yangu ya tangawizi, maana baridi ya Eldoret haichagui dini. Nilipomlalamikia habari ya arusi na kinanda, hakubishana nami. Aliingia ndani, akawasha redio yake ya zamani yenye sahani ya santuri, akaniambia, "Jirani, sikiliza kwanza."

Aliyoweka ni albamu iitwayo The Blues Is Now, iliyotolewa na kampuni ya Verve mwaka 1967. Mwimbaji ni Jimmy Witherspoon, mtu wa bluzi. Mpiga ogani ni Jack McDuff, mtu wa jazi, aliyejulikana zaidi kama Brother Jack McDuff. Sikuwa nawajua wote wawili, na pengine nawe msomaji huwajui. Kwa hivyo tuanze mwanzo.

Bluzi ni nyimbo za watu weusi wa kusini mwa Marekani, wajukuu wa waliouzwa utumwani. Zilikua baada ya utumwa kufutwa, katika mashamba ya pamba, kambi za vibarua na vibanda vya starehe. Wapo wanahistoria, Sylviane Diouf miongoni mwao, wanaosema kwamba Waislamu wa Afrika Magharibi waliopelekwa huko utumwani waliacha alama ya kisomo chao na adhana yao katika nyimbo za kazi zilizozaa bluzi. Si wote wanaoikubali hoja hiyo. Lakini ukimsikia mwimbaji wa bluzi akiivuta silabi moja, akaipandisha, akaishusha, utaelewa kwa nini wazo hilo lilimjia mtu.

Umbo la bluzi ni rahisi. Beti ya kawaida ina mistari mitatu. Mwimbaji anatoa mstari wa kwanza, anaurudia, kisha wa tatu unakuja kama jibu. Kila mstari hupewa mapigo ya vipande vinne vya muziki, lakini maneno yenyewe hujaza karibu nusu tu. Nusu iliyobaki ni nafasi tupu, na nafasi hiyo ni ya ala. Sauti inasema, ala inajibu.

Mtu wa taarabu hapo atatabasamu. Sisi nasi tuna beti zenye vina na mizani, na baina ya kipande na kipande fidla au udi hupewa nafasi ijibu. Akina mama wanajua kwamba kipande kile cha ala ndicho cha kuinuka na kwenda kutunza. Beti zetu si sawa na zao, lakini mazungumzo ya sauti na ala ni yale yale.

Sasa mwimbaji. Witherspoon alizaliwa Gurdon, mji mdogo wa jimbo la Arkansas, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa baharia wa meli za mizigo. Meli ikamfikisha Calcutta, na huko akaimba na bendi ya Teddy Weatherford, mpiga piano Mmarekani aliyekuwa akipiga katika mji huo. Kumbuka jina la Calcutta, nitalirudia. Baada ya vita alijiunga na bendi ya Jay McShann, na mwaka 1949 wimbo wake mmoja ukashika nafasi ya kwanza katika orodha ya muziki wa watu weusi Marekani. Kisha upepo ukabadilika, rock 'n' roll ikaingia, naye akasahaulika, mpaka tamasha la jazi la Monterey la mwaka 1959 lilipomrudisha. Miaka ya 1980 alipata saratani ya koo. Alitibiwa, sauti ikashuka na kukwaruza, akaendelea kuimba hivyo hivyo hadi alipofariki mwaka 1997.

Mpiga ogani, McDuff, alizaliwa mwaka 1926 katika mji wa Champaign, jimbo la Illinois. Alianza na besi, akaja kwenye piano, kisha ogani. Nitaeleza punde kwa nini besi ilimfaa. Mpiga gitaa George Benson, ambaye wengi wetu tulimsikia redioni, alianza kujulikana akiwa kijana katika bendi ya McDuff.

Na ala yenyewe? Hapa ndipo nilipofungua masikio, kwa sababu kisa chake kinafanana na chetu. Ogani ya Hammond ilianza kuuzwa mwaka 1935. Aliyeibuni, Laurens Hammond, alikuwa mhandisi aliyetengeneza pia saa za umeme. Alitaka makanisa yasiyoweza kununua ogani kubwa ya mabomba yapate kitu cha bei nafuu. Ndani yake mna magurudumu madogo ya chuma 91 yanayozunguka mbele ya sumaku. Kila gurudumu lina meno yake, na meno hayo yakipita mbele ya sumaku huzaa umeme mdogo ambao spika huugeuza kuwa sauti. Mpigaji ana safu mbili za vibao kwa mikono, na vibao 25 vya miguu kwa besi. Juu kuna vijiti vya kuvuta na kusukuma, ambavyo kwavyo huchanganya sauti kama mpishi achanganyavyo bizari. Wengi waliiunganisha na spika ya Leslie, ambayo ndani yake kuna tarumbeta inayozunguka, na ndiyo maana sauti ile hutetemeka kama sauti ya mtu.

Basi waliposikia ala hiyo, wapenzi wa ogani ya mabomba walisema nini? Walisema ni mashine. Walisema itaua ogani ya kweli. Watu weusi wasio na fedha za mabomba wakaichukua makanisani mwao, wakaifanya yao. Katikati ya miaka ya 1950 Jimmy Smith akaonyesha kwamba mtu mmoja kwenye ogani aweza kubeba jazi nzima: mkono wa kulia unaimba, wa kushoto na miguu inashika besi. Mpiga ngoma mmoja na mpiga gitaa mmoja wakiongezwa, kilabu kidogo kinajaa. Ndiyo sababu nikasema besi ilimfaa McDuff: ogani ilimtaka mtu anayeijua kazi ya chini kabla ya kurembesha juu.

Lakini ogani ina hatari yake. Ukibonyeza kibao cha piano, sauti inazaliwa na mara inaanza kufa. Ukibonyeza kibao cha ogani, sauti haifi mpaka unyanyue kidole. Kwa hivyo mpigaji asiye na adabu aweza kumfunika mwimbaji tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Na hilo ndilo jirani yangu alilotaka nisikie katika albamu ile. Witherspoon anapoanza mstari, McDuff anarudi nyuma, anabaki kama godoro chini ya mtu aliyelala. Mstari ukiisha, anainuka, anasema maneno mawili, anakaa. Hamkimbizi mwimbaji, wala hamngoji kwa uvivu.

Mwalimu akaniambia, "Hicho ni kinanda cha umeme. Kimemuua nani hapo?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilikaa nikajiuliza taarabu yetu ilitoka wapi, na ni ala gani humo iliyozaliwa kwetu tangu azali.

Udi na kanuni ni za Waarabu. Wazanzibari husimulia kwamba Sultani Barghash alimpeleka mtu Misri akajifunze kanuni. Fidla ilitoka Ulaya, na kodiani pia. Tabla ni ya Bara Hindi. Siti binti Saad, ambaye twamwita mama wa taarabu, alirekodiwa Bombay mwaka 1928, si Zanzibar. Zuhura Swaleh, aliyetuchangamsha Mombasa kwa nyimbo zenye mdundo wa chakacha, alipambwa na taishokoto, ala ya nyuzi yenye vibao kama vya taipureta, iliyobuniwa Japani mwanzoni mwa karne ya 20. Hakuna mzee aliyesema taishokoto imeua chakacha. Hata neno kinanda: kwa wazee wa Lamu lilikuwa jina la ala ya nyuzi kabla halijawa jina la hiki cha vibao.

Na hamoniamu, kile kinanda cha upepo cha mtu aliyekaa chini, mkono mmoja unapuliza na mwingine unapiga? Hicho kilitoka Ulaya kikiwa na miguu ya kupuliza, kikafika Bara Hindi katika karne ya 19, na mafundi wa Calcutta, mji ule ule alioimbia Witherspoon, wakakigeuza kiwe cha mkono. Kutoka Bara Hindi kikavuka bahari kikaja kwetu. Nani ataiwaza taarabu ya Mombasa ya mahadhi ya Kihindi bila hamoniamu? Juma Bhalo, Mwenyezi Mungu amrehemu, na Maulidi Juma walituimbia mahadhi yaliyotoka kwenye filamu za Bombay, na maneno yakabaki Kiswahili safi. Baadaye ogani ya umeme ikaingia mahali pa hamoniamu katika makundi mengi. Albamu ya Maulidi na kundi lake, Mombasa Wedding Special, iliyotolewa London na kampuni ya GlobeStyle mwaka 1990, iliwafikisha watu wa Ulaya kwenye arusi zetu.

Basi lini kinanda kilikuwa adui? Kwa maoni yangu, hasira yetu ilianza miaka ya 1990, ilipokuja taarabu ya kisasa ya kina East African Melody, na baadaye Jahazi ya Mzee Yussuf. Kinanda kimoja kikabeba kazi ya fidla, ya kanuni na ya ngoma. Wapiga fidla wakakosa kazi. Hilo ni kweli, na sitalipuuza: kuna wazee waliokwenda makwao na fidla zao zikaliwa na mchwa. Lakini aliyewafukuza si kibao. Ni sisi tuliopunguza bajeti ya arusi, na tulioridhika kitufe kikipiga ngoma peke yake huku mpigaji akitazama simu.

Hapa ndipo ilipo tofauti niliyochelewa kuiona. Ala inayopigwa na mtu, iwe ya nyuzi au ya umeme, humsikia mwimbaji. Mwimbaji akiamka na mafua, mpiga kinanda hushusha ufunguo wa wimbo ili sauti ifike. Mama wa bibi arusi akiinuka kutunza, naye ana magoti, mpigaji huurudisha mzunguko hadi mama afike mbele, atoe noti yake, azungushe kiuno kidogo, arudi kitini. Beti ikiwagusa watu wakataka irudiwe, hurudiwa. Wimbo uliorekodiwa hauna masikio. Unakwenda. Mama akiwa bado katikati ya ukumbi, wimbo umekwisha. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na mama yule alirudi kitini na noti yake mkononi.

Kwa hivyo mimi niliyekataa kinanda nikachagua spika, nilikuwa naitetea taarabu kwa kuinyima kitu chake cha kwanza, yaani kusikilizana.

Sasa niseme lililonikaba. Ami yangu, ndugu wa marehemu baba, alipiga hamoniamu katika arusi za Mombasa tangu ujana wake. Baadaye akajikusanyia fedha akanunua kinanda cha umeme. Mwaka alioanza kukileta arusini nilikuwa nimemaliza diploma, najiona najua kila kitu. Mbele ya watu, katika arusi ya binamu yangu, nilimwambia, "Ami, hiyo si taarabu, hiyo ni mashine." Watu walicheka. Yeye pia alicheka. Lakini tangu siku ile hakukileta tena katika arusi ya ukoo wetu. Alipiga kwa watu wengine, kwetu alikuja kula pilau na kuondoka. Nami sikuwahi kumtaka radhi, kwa sababu sikuwahi kuona kosa.

Wiki iliyopita nilimpigia simu. Sasa ana miaka sabini na nne. Nilimsalimu, nikamweleza habari ya arusi, kisha nikamwambia, "Ami, nataka uje utupigie. Na lile neno nililokwambia siku ile, nisamehe."

Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Huko Eldoret stima haikatiki?"

Nikamwambia hukatika, lakini nitakodi jenereta.

"Jenereta yavuma," akasema. "Iwekeni mbali. Na nani ataimba?"

Nikamtajia mwimbaji niliyemfikiria. Akasema hamjui, na kwamba hawezi kupiga na mtu asiyemjua sauti. Anataka waonane kabla, siku mbili angalau, wapitie nyimbo. Nikamwambia hilo litaongeza gharama. Akanijibu, "Basi tafuta mtu wa spika, mwanangu. Ni rahisi."

Hakusema kama amenisamehe. Nami sikumuuliza tena. Nimekata tikiti mbili za basi, yake na ya mwimbaji, waje siku tatu kabla ya arusi. Jirani yangu mwalimu amejitolea sebule yake kwa mazoezi, na ameomba akae pembeni atazame mikono ya Ami.

Nawe msomaji uliye na arusi mbele yako, mfuko ukiwa mwepesi usione haya kumkodi mwimbaji na mpiga kinanda. Ala inayoweza kupanda basi ndiyo itakayofikisha taarabu kwa watoto wetu waliotawanyika Eldoret, Nakuru na kwingineko. Lakini kabla hujatoa arubuni uliza mambo matatu. Je, wawili hao wamewahi kufanya kazi pamoja? Je, mpigaji atapiga kwa mikono yake au ataweka wimbo uliorekodiwa? Na kama fedha yatosha, je, yupo mpiga ngoma wa kumuongeza, ili kitufe kipumzike? Ukipata majibu mazuri, lipa. Ukiona mpigaji hataki kujua nani ataimba, tafuta mwingine.

Juma lijalo, inshallah, tutarudi kwenye bei ya unga. Mazoezi yataanza Jumatano.